Watu Waliorudi Kwenye Orodha

Kila siku ya kazi, saa mbili kasoro robo asubuhi, kabla hata hajavua sweta la njiani, mama wa dawati la majibu alifungua barua pepe mpya isiyo na neno hata moja. Kwenye kile kisanduku cha juu kinachouliza barua inakwenda kwa nani, alibonyeza A. Majina yenye A yakashuka kama pazia. Aliyapitia kwa macho, midomo ikimchezacheza, kisha akaifuta A na kubonyeza B. Alikwenda hivyo hivyo, herufi baada ya herufi, hadi Z, iliyokuwa na mtu mmoja tu. Alipomaliza aliifunga barua ile bila kuituma kwa yeyote, akavua sweta, akalitundika kwenye mgongo wa kiti, akasema, "Haya. Tuanze."

Ndiyo maana wenzake walimwita Mama Mahudhurio. Alikuwa kama mwalimu anayeita majina darasani, ila darasa lake lilikuwa la madaktari. Maabara ile ilipokea vipande vya nyama vilivyokatwa kwenye miili ya wagonjwa katika hospitali za mbali na za karibu. Vilikuja ndani ya makopo madogo yenye namba, vikakatwa vyembamba kama ganda la kitunguu, vikatazamwa kwa hadubini, na mtaalamu akaandika alichokiona. Kilichoandikwa kilifika kwa Mama Mahudhurio, naye akakituma kwa daktari aliyekuwa akisubiri. Kwa miaka kumi na mmoja, kazi yake ilikuwa hiyo.

Msimamizi wa maabara, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, aliliona zoezi lile la asubuhi kuwa uvivu wenye adabu.

"Dakika kumi na mbili kila siku," alimwambia mara moja. "Nimehesabu."

"Basi na wewe umepata dakika kumi na mbili za kuhesabu," Mama Mahudhurio akamjibu, na mambo yakaishia hapo.

Fundi wa kompyuta aliyasikia haya yote siku ya Jumatatu, alipoitwa. Alikuwa dada wa miaka ishirini na minane, mwenye digrii nzuri na sauti ndogo, aliyezoeana na mashine kuliko watu. Kwenye mkoba wake wa bisibisi hapakukosa kitabu, na saa ya chakula alikwenda kukisomea kwenye ngazi za nyuma ili asiulizwe kitu. Simu hasa ndizo zilizomshinda. "Wewe simu ikilia," dada yake alikuwa akimtania, "unaitazama kama imekuja kukukamata."

Jumatatu ile programu ya barua ilikataa kufunguka. Fundi aliishughulikia tangu asubuhi hadi jioni, na jioni akawa na habari mbili. Faili la barua za miaka miwili ya karibuni lilikuwa limeharibika, halisomeki tena. Barua za nyuma ya hapo zilikuwa salama, zimehifadhiwa kwenye diski nyingine. Na kile kifaili kidogo kinachokumbuka majina, kile kinachomfanya mtu abonyeze herufi moja na jina zima likajileta, kimekwenda na maji.

"Imewasahau?" Mama Mahudhurio aliuliza.

"Imewasahau, mama."

"Wote? Hata yule wa Z?"

"Hata yeye."

Mama alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akaivaa tena, akaitazama skrini kama mtu anayemtazama jirani aliyepita bila salamu.

"Anwani zao umeziandika mahali?" fundi aliuliza. "Kwenye daftari, au kwenye kitabu cha anwani humu ndani?"

"Za nini? Si ilikuwa inazijua yenyewe?"

Hapo fundi alichanganyikiwa kwa mara ya kwanza. Alifungua kitabu cha anwani cha programu ile. Kilikuwa kitupu. Miaka kumi na mmoja, madaktari wote wale, na hakuna hata mmoja aliyehifadhiwa. Mama alikuwa akimpata kila mtu kwa kubonyeza: huyu ni herufi fulani, wa kwanza, yule ni herufi fulani, mshale chini mara mbili. Ukimuuliza anwani ya yeyote hakujua hata ilivyoanza. Vidole ndivyo vilivyojua.

Jumanne fundi aliijenga orodha upya. Aliandika programu ndogo, ikapita kwenye barua zote za zamani zilizopona, barua moja baada ya nyingine, ikiokota kila anwani ambayo mama alipata kuiandikia tangu siku ya kwanza. Kufikia saa nane mchana ilikuwa imeokota majina mia sita thelathini na manane. Akayaingiza kwenye kumbukumbu mpya. Alibonyeza M kujaribu, pazia likashuka, na moyo wake ukashuka nalo, ukatulia.

"Ulikuwa na wangapi, mama?"

"Kama sabini hivi."

Fundi akatabasamu peke yake. Alidhani amemrudishia zaidi ya alivyopoteza.

Majibu ya siku mbili yalikuwa yamerundikana, kwa hiyo Mama Mahudhurio hakungoja. Alituma ya dharura palepale, ya daktari mmoja wa upasuaji. Akabonyeza herufi yake, jina lake likatokea la kwanza kama siku zote, akatuma. Mengine akayaacha ya kesho, akaenda nyumbani.

Jumatano asubuhi aliketi na sweta lake, akabonyeza A, na hakuendelea hadi B.

"Fundi," aliita taratibu. "Njoo uone."

Fundi akaja. Pazia la A lilikuwa limefika chini kabisa ya skrini na bado linaendelea.

"Hawa wametoka wapi?"

"Ni watu wako, mama. Wote uliowahi kuwaandikia."

"Huyu alistaafu, sasa anafuga kuku. Huyu aliondoka nchini na mume wake. Huyu," alisogea karibu na kioo, "huyu tulimzika, mwanangu. Nilivaa hata zile sare za msiba. Anafanya nini humu?"

Kila alichokifanya fundi kilikuwa sahihi. Alikuwa amekisoma, amekijaribu, kimefanya kazi. Na bado kulikuwa na mtu aliyezikwa anayesubiri barua.

Simu ya mezani ililia wakiwa bado wameduwaa. Mama akaweka sauti ya nje, maana sikio lake la kulia halikuwa zima. Alikuwa yule daktari wa upasuaji.

"Mama yangu, hujambo? Nangoja majibu ya kopo langu la tarehe tano."

"Nimeyatuma jana, daktari."

"Hayajafika."

"Nimeyatuma saa nane na nusu. Naona hapa, yamekwenda. Jina lako hili hapa."

"Mimi sina kitu." Kulikuwa na sauti ya vyuma nyuma yake. "Sikiliza, mama. Mgonjwa ni seremala. Ana uvimbe juu ya goti. Kama ni kile ninachokihofia, mguu unaondoka. Kama sicho, nautoa uvimbe, anarudi kwenye meza yake ya randa. Anaingia chumba cha upasuaji kesho asubuhi, na orodha ya kesho inafungwa leo saa nane. Bila majibu simwandiki, na zamu yangu nyingine kwenye chumba kile ni baada ya wiki sita. Akingoja wiki sita, kama ndicho, hatutakuwa tunazungumzia mguu tena. Nisomee basi."

Mama Mahudhurio alitazama ukutani. Pale palibandikwa karatasi yenye kanuni ya maabara: majibu hayasemwi kwa simu. Iliandikwa mwaka ambao wagonjwa wawili wa jina moja walisomewa majibu siku moja, kila mmoja akapewa ya mwenzake. Daktari aliijua kanuni ile. Alikuwa mmoja wa walioitaka.

"Hayasomwi, daktari, unajua."

"Najua," akasema, akashusha pumzi. "Nilikuwa najaribu bahati. Naingia ndani sasa hivi, natoka saa saba na nusu. Tafuteni."

Fundi aliketi kwenye kiti cha mama, akaibonyeza herufi ya daktari. Jina lake lilitokea mara mbili, sawasawa, kama mapacha. Akamweleza mama kwamba kinachoonekana ni jina tu, na nyuma ya jina kuna anwani, na anwani hizi mbili hazifanani. Akazifunua. Moja ilikuwa ya hospitali ya misheni. Nyingine ilikuwa ya hospitali ya stesheni.

"Yuko wapi kati ya hizi?"

"Hayuko popote," mama akasema. "Alitoka stesheni akaenda misheni, akatoka misheni mwaka juzi akaenda ile hospitali mpya ya kilimani. Dereva wa makopo ndiye aliyeniambia. Siku hiyohiyo nilimfuta wa misheni."

"Ulimfuta vipi?"

Mama akamtazama kama ameulizwa mlango unafungwaje. "Jina likitokea, unashuka kwa mshale mpaka liwe bluu, unabonyeza kitufe cha kufuta. Linatoka. Si ndiyo kazi ya asubuhi?"

Sasa fundi alielewa, na kuelewa huko kukamchanganya zaidi. Dakika kumi na mbili za kila siku hazikuwa kuita majina kwa kujifurahisha. Dereva alileta habari pamoja na makopo: fulani kahamishwa, fulani kaugua, fulani kaacha kazi. Na kila asubuhi mama alipita herufi zote akiwatoa waliokwisha kuondoka, ili jina likitokea liwe la mtu aliyepo. Ile orodha ya watu sabini ilikuwa imepaliliwa kama bustani kwa miaka kumi na mmoja. Yeye alikuwa amerudisha magugu yote. Tena, kwa kuwa barua za miaka miwili ya mwisho zilikuwa zimeharibika, kila aliyehama karibuni alirudi kwenye kiti chake cha zamani, na kiti kipya hakikuwepo.

Msimamizi alikuja kusikia kulikoni, akasimama na kalamu zake.

"Tumeni kote kuwili," akasema. "Kumoja kutampata."

"Kote kuwili hayupo," mama akasema.

"Basi andikeni hospitali nzima ya kilimani. Anwani yao ya mapokezi ipo kwenye tovuti."

"Majibu ya mtu yasomwe na mapokezi?" Mama Mahudhurio hakupandisha sauti. "Hili si tangazo la mnada. Yale ya jana yenyewe sijui yamelala kwa nani, na hayo yananitosha."

Msimamizi akamgeukia fundi, kama vile mwenye digrii angemuunga mkono. Fundi akatazama kibodi. Moyoni alikuwa ameliwaza hilohilo, la kutuma kila mahali. Badala yake alimwandikia fundi mwenzake wa hospitali ya misheni, ilikokwenda ile barua ya jana, akamweleza. Jibu lilikuja upesi: kisanduku kile hakijafunguliwa tangu mwenyewe ahame, na ile barua ataiondoa bila kuisoma. Mama aliposomewa hayo alisema, "Afadhali," akashika kiuno.

Ilikuwa saa tano. Hakukuwa na la kufanya ila kungoja daktari atoke, kwa hiyo waliketi wawili mbele ya skrini wakaanza kupalilia. Mama alisema nani yuko na nani hayupo, fundi akafuta.

"Huyu?"

"Yupo. Mkali, lakini yupo."

"Huyu?"

"Hayo ni majina mawili ya mtu mmoja. Aliolewa. Bakiza la pili."

"Na huyu?"

"Huyo sijui. Mwache kando, dereva akija tumuulize."

Katikati ya kazi hiyo fundi alimfahamu mama kuliko angemfahamu kwa mwaka mzima wa maswali, ambayo asingeyauliza. Kabla ya kompyuta Mama Mahudhurio alikuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa, kwenye chumba kisicho na dirisha, mbele ya ubao wenye matundu mia moja na ishirini na nyaya zake. Wodi ya wazazi ilikuwa tundu la nne safu ya pili. Chumba cha maiti kilikuwa chini kabisa, kona ya kushoto, unainama kidogo. Hakujua namba ya mtu yeyote. Alijua mahali pa kuchomeka. Watoto wake wawili walilelewa na dada yake mkubwa usiku wa zamu, na mwanawe wa pili alijifunza kusema "subiri nikuunganishe" kabla ya kujifunza kusema "shikamoo". Ubao ulipong'olewa waliwapa wenzake barua za kustaafu, yeye wakampa dawati.

"Nilipoona hii inaleta majina yenyewe," alisema, "nikajua ni ubao uleule. Wameficha nyaya tu."

Saa sita na nusu simu yake ya mkononi iliita. Alikuwa mumewe, fundi cherehani mstaafu, nyumbani.

"Chumvi iko wapi?"

"Iko palepale."

"Palepale wapi?"

"Mzee, miaka thelathini na mbili iko palepale. Nyoosha mkono wa kulia."

Kifuniko kikasikika kikifunguka. "Nimeipata, opereta," akasema, akakata.

Saa saba na dakika thelathini na tano daktari alipiga. Mama akaweka sauti ya nje.

"Mmeyapata?"

"Daktari, hatuna anwani yako mpya. Fomu inayokuja na kopo ina nafasi ya simu tu. Hebu nitajie, niiandike herufi kwa herufi."

Daktari akashangaa.

"Anwani yangu?"

"Yako."

"Mama yangu, mimi siijui. Kompyuta yangu huwa inajaza yenyewe."

Mama Mahudhurio aligeuka akamtazama fundi, na fundi akaona kwamba hakuna mwingine wa kutazamwa chumbani mle. Msimamizi alikuwa amekwenda kula. Saa ya ukutani ilisema saa saba na dakika thelathini na saba. Fundi akainama kwenye simu ile kama mtu anayenusa sufuria.

"Daktari," akasema. Sauti haikutoka vizuri. Akarudia. "Daktari, shikamoo. Mimi ni fundi. Kuna barua ulizopata kutoka hapa mwezi uliopita? Za majibu mengine?"

"Zipo. Nyingi."

"Fungua moja. Yoyote. Bonyeza pa kujibu, halafu utume. Ikifika kwetu itakuja na anwani yako."

"Niandike nini?"

"Chochote."

"Nipe dakika, ofisi yangu iko ghorofa ya juu na lifti ni ya kubahatisha."

Zilikuwa dakika kumi na mbili. Fundi alizihesabu, na mama hakumsema. Saa saba na dakika hamsini barua mpya ilitua juu ya nyingine zote. Ndani yake palikuwa na neno moja, kwa herufi kubwa: CHOCHOTE.

"Huyo ndiye," mama akasema.

Alimwondoa fundi kitini kwa kumgusa bega. Akaliambatisha faili la majibu kwenye jibu lake, akavaa miwani, akalinganisha namba ya faili na namba ya daftari la makopo kwa kidole, tarakimu moja moja, kisha akailinganisha tena kutoka nyuma kuja mbele. Fundi aliitazama saa. Zilikuwa zimebaki dakika sita na mama alikuwa anaanza mara ya tatu. Mama akamaliza, akabonyeza.

Saa saba na dakika hamsini na saba lilirudi jibu: "Imefika. Namwandika kwenye orodha."

Mama akajiegemeza nyuma, kiti kikalia. Hakucheka wala hakupiga makofi. Alifungua droo, akatoa ndizi mbili, akampa fundi moja, wakala. Kisha wakarudi kwenye K, walikokuwa wameachia.

Kufikia saa kumi orodha ilibaki na watu sitini na tisa, na wengine kumi na wanne kando, wanaomngoja dereva. Safari hii fundi aliwaandika wote pia kwenye kitabu cha anwani, na mama akamruhusu, ingawa aliuliza mara mbili ni cha nini. Wa Z alirudi mahali pake. Fundi alikusanya bisibisi zake na nyaya, akafunga mkoba, akaaga, akafika mlangoni. Hapo akasimama. Tangu asubuhi alikuwa na swali moja. Kila lilipofika kwenye ulimi alilimeza, akidhani mama angelisema mwenyewe, kwa kuwa lile faili lilikuwa mikononi mwake tangu juzi. Mama hakulisema.

Alirudi hatua mbili.

"Mama," akauliza, "majibu yalisemaje? Mguu wake utabaki?"

Mama Mahudhurio alikuwa ameanza kuvaa sweta, mkono mmoja ndani, mwingine nje.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Mimi huwa sifungui."